Namna ya Kukagua Vifaa vya Mbio za Skii Kabla ya Msimu Mpya

Anayejiandaa kwa mbio za skii za milimani, au mzazi anayemwandaa mtoto wake, hana budi kuanza na kijitabu cha vipimo vya vifaa ambacho Shirikisho la Kimataifa la Skii na Snowboard, FIS, hukitoa kwa kila msimu, kisha ndipo aende dukani. Muuzaji anaweza, kwa nia njema kabisa, kukuuzia skii iliyonolewa vizuri na yenye maandishi ya mbio, lakini iliyotengenezwa wakati wa kanuni zilizokwisha kufutwa. Soma toleo la msimu unaokuja, na ndani yake tafuta sehemu inayohusu ngazi yako, kwa kuwa vipimo vya Kombe la Dunia, vya mashindano ya kawaida, vya watoto na vya wakongwe havilingani. Mwanamichezo wa timu kubwa ana fundi wa kumfanyia kazi hii. Anayetoka nchi isiyo na timu kubwa mara nyingi hujikagulia mwenyewe, na miongoni mwa waliotoka nchi za namna hiyo ni Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, aliyeiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Pyeongchang mwaka 2018.

Anza na skii za slalomu kubwa, yaani mbio za kupinda kati ya milingoti iliyoachana zaidi kuliko ya slalomu ya kawaida, kwa sababu hizo ndizo zilizobadilishiwa kanuni mara nyingi zaidi, na ndizo zinazowanasa wanunuzi wa vifaa vilivyotumika. Nyuma ya skii, karibu na mkia, mtengenezaji huandika urefu kwa sentimita na nusu kipenyo kwa mita, kwa mfano 193 na R 30. Nusu kipenyo hicho hupatikana kwa kuufuata mkunjo wa ubavu wa skii hadi ukamilike kuwa duara. Kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo ubavu unavyokuwa umebonyea zaidi na skii inavyokata kona kwa wepesi. Wepesi huo una gharama yake mwilini, kwa maana makali yakishaishika theluji ngumu huku mwili umepoteza mizani, skii huendelea kukata kona na goti huvutwa nayo. Goti ndilo kiungo kilichoongoza kwa majeraha katika kumbukumbu ambazo FIS ilianza kuzikusanya mwaka 2006, na hapo ndipo ilipotoka hoja ya kuifanya skii iwe ndefu na iliyonyooka zaidi.

Kwa wanaume, kima cha chini cha nusu kipenyo kilipandishwa kutoka mita 21 hadi 27 katika msimu wa 2007/08, kisha hadi mita 35 katika msimu wa 2012/13, ambapo wanawake waliwekewa mita 30. Hatua hiyo ya pili iliwakasirisha wanamichezo wengi, na Mmarekani Ted Ligety aliipinga hadharani kwa maneno makali. Hata hivyo Ligety alizifanyia mazoezi skii mpya mapema, na Oktoba 2012, huko Sölden nchini Austria, akashinda slalomu kubwa ya kwanza ya msimu kwa tofauti ya sekunde 2.75, pengo ambalo ni nadra sana katika mchezo unaoamuliwa kwa sehemu za mia za sekunde. Nafikiri mfano wake unafaa kufuatwa na kila mwenye malalamiko kuhusu kanuni: toa hoja yako waziwazi, lakini anza mazoezi na kifaa kipya siku hiyohiyo.

Malalamiko hayo hayakupotea bure, kwani skii za mita 35 zilikuwa nzito kuzigeuza na wengi walisema zinawaumiza mgongo. Kuanzia msimu wa 2017/18 kiwango kikawa mita 30 kwa wanaume na wanawake, urefu usiopungua sentimita 193 kwa wanaume na 188 kwa wanawake, na upana wa kiuno, yaani sehemu nyembamba ya katikati ya skii, usiozidi milimita 65. Kwa hiyo, ukikuta skii ya slalomu kubwa iliyoandikwa R 27 au R 23, iache hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa, isipokuwa unaitaka kwa mazoezi au kwa mashindano ambayo umehakikisha kwamba yanaikubali. Ukikuta ya R 35, fahamu kwamba nusu kipenyo chake kinakubalika, kwani kanuni huweka kima cha chini tu, lakini utakuwa umejitwisha kazi ambayo washindani wako walikwisha kuachana nayo. Slalomu haina utata mwingi: kwa watu wazima urefu wa chini ni sentimita 165 kwa wanaume na 155 kwa wanawake.

Baada ya skii, pima kimo. Bamba linalofungwa juu ya skii na vishikizo vya buti humwinua mtelezaji juu ya theluji, na kadiri anavyoinuka ndivyo anavyopata nguvu zaidi ya kuyalaza makali, huku nguvu inayorudi kwenye magoti ikiongezeka pia. Kutoka chini ya skii hadi chini ya soli ya buti kusizidi milimita 50, na kutoka chini ya soli hadi mahali kisigino kinapokaa ndani ya gamba la buti kusizidi milimita 43. Pima baada ya kila kazi ya fundi, hasa akiongeza bamba chini ya soli au akibadilisha vishikizo, na pima skii zote mbili za jozi, kwani moja ikizidi hata kidogo unaondolewa kwenye matokeo.

Nta inahitaji uangalifu wa aina nyingine, kwa sababu kosa lake halionekani kwa macho. FIS ilitangaza mwaka 2019 kwamba itapiga marufuku nta zenye florini, ambazo huteleza sana lakini huacha kemikali zinazodumu muda mrefu mno katika udongo, maji na miili ya viumbe. Marufuku ilicheleweshwa na ugumu wa kupata kipimo cha kuaminika, ikaanza kutekelezwa msimu wa 2023/24 kwa kifaa kinachotumia mwanga wa infraredi. Oktoba 2023, palepale Sölden, Ragnhild Mowinckel wa Norway aliondolewa kwenye matokeo kwa sababu hiyo. Kubadilisha nta peke yake hakutoshi, maana mabaki hukaa kwenye burashi, pasi, vitambaa, meza ya kazi na hata kwenye mfuko wa kubebea skii. Nunua burashi na pasi mpya, safisha meza, na skii ya zamani ipeleke ikasuguliwe upande wa chini kwa mashine kabla ya kuipaka nta iliyoandikwa kwamba haina florini. Usimwazime mtu burashi zako, wala usikubali za kuazimwa kwenye chumba cha pamoja cha nta.

Kwa mbio za kasi, yaani mteremko na Supa-G (slalomu kubwa iliyoongezwa kasi), kagua vinavyolinda mwili. Tangu msimu wa 2024/25 Kombe la Dunia linadai mfuko wa hewa unaovaliwa chini ya suti na kujijaza mara vipima mwendo vinapotambua kwamba mtelezaji anaanguka, pamoja na nguo za ndani zisizokatika kwa urahisi. Umuhimu wa nguo hizo ulionekana Januari 2024 huko Wengen, Aleksander Aamodt Kilde alipoanguka na makali ya skii yake mwenyewe kumchana vibaya misuli ya mguu. Jaribu suti ukiwa umevaa vyote viwili, kwa kuwa suti iliyochukuliwa vipimo bila mfuko itaubana usijae ipasavyo. Chaji betri usiku wa kuamkia mashindano, na hakikisha taa ya kifaa inawaka kabla ya kupanda mlimani. Kofia ya slalomu kubwa, Supa-G na mteremko iwe na kibandiko cha FIS RH 2013, ambacho ni alama ya kiwango cha kofia za mbio, na masikio magumu. Yenye masikio laini inaruhusiwa katika slalomu pekee.

Upimaji wa nyumbani ufanye angalau mwezi mmoja kabla ya mbio za kwanza, ili ukikuta kasoro uwe na muda wa kuirekebisha na kukizoea kifaa kilichorekebishwa. Ukiwa na shaka juu ya kimo au nta, mwombe mkaguzi wa vifaa akupimie kabla ya mbio, mahali anapopatikana, kwani hakuna adhabu kwa kasoro anayoikuta kabla hujaanza kushindana.