Kabla ya tofali la kwanza uwani, fuata maji

Mvua ikikukuta nyumbani, na kama hakuna radi, vaa koti utoke uwani. Simama dakika 10 uangalie. Maji ya paani yanadondokea wapi? Yanapita wapi kuelekea chini? Saa moja baada ya mvua kukatika, ni wapi bado kuna dimbwi? Chomeka kijiti kila mahali maji yalipotuama. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kuuboresha ua, na haikutoi hata senti.

Katika kazi yangu ya ugani nimeingia nyua nyingi ambazo mwenyewe alizitengeneza kwa mikono yake, kwa nguvu na kwa mapenzi, kisha msimu mmoja ukamvunja moyo. Mara nyingi tatizo ni lile lile. Mtu alianza na vinavyoonekana, yaani matofali, maua na benchi, akayaacha maji yajitafutie njia. Nayo yanajitafutia kweli: yanapita chini ya tofali na kulizamisha, yanaozesha mizizi, yanapanda ukutani mpaka rangi inabanduka. Na mimi yalinipata. Kibaraza changu cha kwanza nilikitandika kikiwa kimeinamia nyumba badala ya kuipa mgongo. Kwa macho kilionekana sawa kabisa. Mvua kubwa ya kwanza ilipopiga, maji yalikusanyika kwenye ukuta, na ilinibidi nikifumue chote nianze upya.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wikendi moja kwa kazi moja, na kila kazi ianze kwa kuuliza maji yataenda wapi.

Wikendi ya kwanza chimba shimo la majaribio pale unapotaka kupanda. Upana sentimita 30, kina sentimita 30. Lijaze maji, yaache yanywewe yote, kisha lijaze tena na uchomeke rula. Baada ya saa moja soma maji yameshuka kiasi gani. Yakiwa yameshuka pungufu ya sentimita 2.5, udongo wako unabana maji, pengine ni mfinyanzi au umeshindiliwa kwa kukanyagwa miaka mingi. Mahali hapo panahitaji tuta lililoinuliwa. Yakishuka zaidi ya sentimita 10, ni kichanga, na utakuwa mtumwa wa kumwagilia usipoongeza mboji kwa wingi. Siku hiyo hiyo angalia jua linapiga wapi, tangu asubuhi mpaka jioni. Mboga nyingi zinataka saa 6 za jua au zaidi. Kivuli cha siku nzima kifae kibaraza, si bustani.

Kabla hujachimba popote, jua mabomba na nyaya za umeme zimepita wapi, na mfuniko wa shimo la maji taka uko wapi. Mfuniko huo usifunikwe kwa tofali wala tuta. Siku ya kunyonya uchafu itafika, na wewe ndiye utakayebomoa.

Kibaraza

Hii ndiyo kazi inayowashinda wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Anza na kidogo. Kibaraza cha mita 2 kwa 2 kinaonekana kidogo kwenye karatasi, lakini kukichimba kina cha sentimita 20 kunatoa udongo wa ujazo wa mita 0.8, na udongo ukishachimbwa hufura kama robo hivi. Kwa toroli la lita 60 hesabu safari 16 au 17. Mtu mmoja akianza na mita 4 kwa 4 kwa siku mbili, Jumapili jioni atabaki na shimo na mgongo unaouma. Udongo wa juu, ule mweusi, usiutupe. Uweke kando, una kazi wikendi inayofuata.

Kwa nini sentimita 20? Ni kokoto au changarawe iliyoshindiliwa sentimita 10, mchanga sentimita 3, na tofali la sentimita 6 au 7. Uso wa kibaraza ubaki angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu ya ndani, ili maji yanayoruka wakati wa mvua yasiifikie sehemu ya ukuta iliyo juu ya msingi. Pembe zake zipime kwa hesabu ya mafundi ya tatu, nne, tano: kutoka kwenye kona pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Umbali kati ya alama hizo mbili ukiwa mita 5 kamili, kona yako ni pembe mraba. Kwa eneo dogo tumia nusu yake: mita 1.5, mita 2 na mita 2.5.

Sasa mteremko, ambao ndio roho ya kazi yote. Kwa kila mita 1, uso ushuke sentimita 2 kuelekea mbali na nyumba. Jicho haliwezi kuupima, lakini kuna njia rahisi. Chukua ubao ulionyooka wa mita 2, weka pimamaji juu yake. Chini ya ncha iliyo mbali na nyumba weka kipande cha mbao chenye unene wa sentimita 4. Kiputo cha pimamaji kikitulia katikati, mteremko wako uko sawa. Kikikimbilia upande mmoja, ongeza au punguza. Pima hivyo kwenye udongo uliochimbwa, upime tena kwenye kokoto, na tena kwenye mchanga. Mchanga hauwezi kusahihisha kosa la kokoto: ukiujaza mahali palipobonyea, ndipo tofali litakapozama.

Kokoto ishindilie kwa tabaka, kila tabaka kama sentimita 5, huku ukiinyunyizia maji kidogo. Endelea mpaka kisigino cha buti kisiache alama. Mchanga usiushindilie, usawazishe kwa kuburuta ubao juu ya mabomba mawili membamba uliyoyalaza, kisha yatoe na kujaza mifereji yake. Usiukanyage tena.

Anza kutandika kwenye kona iliyonyooka kuliko zote. Shusha tofali moja kwa moja chini, ubavu wake ukiteleza kwenye ubavu wa jirani, usilisukume juu ya mchanga maana litakusanya mchanga mbele yake. Ligonge kwa nyundo ya mpira mara mbili au tatu. Sikiliza. Tofali lililokaa vizuri linatoa mlio mzito uliojaa. Lenye uwazi chini linalia kama debe tupu. Likilia hivyo usilipige zaidi. Ling'oe, ongeza mchanga kiganja kimoja, lirudishe. Acha nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya tofali na tofali, zuia kingo kwa mawe au zege ili zisitawanyike, halafu fagilia mchanga mkavu kwenye nafasi hizo mpaka zijae.

Ukitumia zege kwenye kingo, vaa glovu na buti. Saruji mbichi huunguza ngozi polepole, na mtu huja kuhisi maumivu wakati kidonda kimeshafanyika.

Tuta na pipa

Sasa ule udongo mweusi. Tuta lililoinuliwa lisizidi upana wa mita 1.2, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila mguu kukanyaga ndani. Urefu ni hiari yako. Kwa tuta la mita 1 kwa 2.4 lenye kimo cha sentimita 25 unahitaji lita 600, kama toroli 10. Changanya toroli 2 za udongo kwa 1 ya mboji au samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi iache: inaunguza mizizi, na kwa mboga zinazoliwa bila kupikwa ina hatari ya vijidudu. Chini ya tuta usiweke plastiki. Legeza ardhi kwa uma wa bustani ili mizizi na maji vipite.

Kwenye kingo za tuta sipendi mbao kuukuu zisizojulikana zilikotoka. Mbao nyingi za zamani zilitibiwa kwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, na za reli zililoweshwa kreosoti, mafuta meusi yenye sumu yatokanayo na lami ya makaa. Paleti nazo zisome muhuri wake: HT maana yake zilitibiwa kwa joto, hizo tumia, zenye MB zilifukizwa kwa methili bromaidi, ziache. Mawe au matofali yaliyobaki kibarazani ni bora kuliko vyote.

Maji ya paani sasa yapate kazi. Milimita 1 ya mvua kwenye mita mraba 1 ya paa ni lita 1. Paa la mita 6 kwa 8, mvua ya milimita 10, ni lita 480. Hata zikipotea baadhi njiani, pipa la lita 200 litajaa na kumwagika. Kwa hiyo tundu la kutolea maji ya ziada ni la lazima, na bomba lake lipeleke maji angalau mita 3 kutoka kwenye msingi, kwenye shimo pana lisilo na kina ulilojaza mimea inayostahimili kulowa. Pipa lililojaa lina uzito wa zaidi ya kilo 200. Lijengee jukwaa la matofali kwenye ardhi iliyoshindiliwa, si kwenye udongo uliotoka kuchimbwa, na jukwaa liwe la kimo cha kuingiza ndoo chini ya bomba. Mdomo ufunge kwa wavu mwembamba usiopitisha mbu, kwa sababu yai la mbu linaweza kuwa mbu anayeruka kwa muda wa wiki moja hivi. Maji ya kwanza baada ya ukame yana vumbi na kinyesi cha ndege, yamwage. Yanayobaki mwagilia kwenye udongo, si juu ya majani, na usiyanywe.

Mboji itapata kona yenye kivuli: lundo la mita 1 kila upande, majani makavu kwa wingi na mabaki mabichi kidogo, kwa tabaka. Chukua konzi moja uikamue. Ikitoa matone machache, unyevu unatosha. Ikitiririka, ongeza makavu. Isipotoa kitu na kumeguka, nyunyiza maji. Geuza kila baada ya wiki moja au mbili.

Baada ya mvua kubwa ya kwanza toka tena na vile vijiti vyako. Mchanga kati ya matofali utakuwa umeshuka, ufagilie mwingine. Tuta nalo litakuwa limepungua vidole viwili au vitatu. Lijazie mboji, kisha funika na matandazo ya majani makavu, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina la kila mche.