Kufunga tabo kubwa mwenyewe hapo hapo nyumbani
Wazee wa kupandisha mlima Kitonga, kama unabadili tabo (turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini) kwenye dizeli yako usianze alfajiri na baridi la Uyole, vidole havishiki spana. Nati za manifoldi (bomba la moshi linaposhikia tabo) zipulizie dawa ya kutu jana yake, mi nililazimisha stadi (bolti inayoshika nati) ikakatika ikanila siku nzima. Ukishatoa ya zamani chungulia paipu ya oili, ikiwa na masizi ndani tupa nunua mpya, hiyo ndo inauaga tabo, na washa (ringi) za shaba za paipu usirudishie zilezile. Kabla hujafunga paipu mimina oili safi kwenye tundu la oili la tabo huku unazungusha feni kwa kidole mpaka iteleze. Chomoa waya wa solenoidi ya pampu (inayofungulia dizeli) injini isiwake, piga stata sekunde 10 mara mbili tatu oili ipande, ndo urudishe waya uwashe, iungurume dakika 5 bila kukanyaga mafuta.