Gari ya zamani inagoma kuwaka asubuhi ya baridi? Isikilize kwanza kabla hujanunua betri

Sisi tunaokaa Njombe na Makete tunaijua hii, ikishaingia mwezi wa sita mpaka wa nane asubuhi unakuta kioo cha gari kimeganda kweupe, na gari ambayo jana jioni iliwaka kwa kugusa tu leo inasema ng'weee... ng'weee... kimya. Wengi hapo hapo wanasema betri imekufa wanaenda kununua nyingine. Mimi nilifanya hivo kwenye Corolla 110 yangu, nikanunua betri mpya, wiki mbili baadae shida ile ile, nikabadilishiwa nikapewa nyingine, bado. Kumbe ni waya mmoja wa ethi, ule mfupi unaotoka betri kwenda kwenye injini, kwa nje ganda zuri kabisa lakini ndani shaba imeoza imekuwa unga wa kijani. Pesa ya betri sio ndogo ndugu zangu, ndo maana naandika.

Baridi inafanya hivi: betri inatoa umeme kwa kemikali, ikifika digrii sifuri uwezo wake unashuka kama sehemu moja ya tano, na wakati huo huo oili imekuwa nzito kama asali kwa hiyo stata inataka umeme mwingi zaidi kuzungusha injini. Yaani mfuko umepungua na bei ya sokoni imepanda siku hiyo hiyo. Gari yenye waya nzima inavumilia, ya zamani yenye waya zilizochoka inagoma.

Sasa washa ufunguo usikilize. Ikipiga ka-ka-ka-ka-ka haraka haraka na taa za dashibodi zinafifia, umeme haufiki wa kutosha, anza na betri na tamino (pale waya zinapofungwa kwenye betri). Ikipiga "tak!" moja tu na taa zimebaki kali, hapo mara nyingi ni stata yenyewe, zile shaba ndogo ndani ya solenoidi (swichi ya umeme iliyo kwenye stata) zimelika, na kwenye stata nyingi za Toyota za zamani zinabadilishwa hizo shaba peke yake, usikubali kuuziwa stata nzima kabla haijafunguliwa. Ikizunguka kivivu ni betri, ethi, au umeweka oili nzito (20W-50 huku kwetu inachosha stata bure, 10W-30 inatosha kama injini haili oili). Na ikizunguka vizuri kwa nguvu ila haishiki, yaani injini haiwaki, betri haina kosa kabisa, usiiguse.

Tafuta mita, hata ile ya bei rahisi ya mafundi umeme wa nyumba. Pima betri alfajiri kabla hujagusa kitu: volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki kama nusu, chini ya 12 iko hoi. Mtu apige stata huku unaangalia, ikishuka chini ya 9.6 betri haibebi mzigo. Gari ikiwaka pima tena, oltaneta (ile inayochaji betri injini ikizunguka) nzima inatoa 13.8 mpaka 14.5, ukiona 12 na kitu basi haichaji, cheki mkanda wake halafu kaboni za ndani yake.

Kipimo kilichoniokoa mimi ni hiki na mafundi wengi hawakifanyi. Weka mita kwenye volti, ncha nyekundu iguse chuma kisafi cha injini, nyeusi iguse nguzo ya risasi ya hasi ya betri, nguzo yenyewe sio klampu, halafu mtu apige stata. Ikizidi nusu volti ethi ni mbovu. Yangu ilisoma 1.8! Huna mita? Chukua waya ya kubusti (ile ya kuazima umeme wa gari nyingine), ncha moja hasi ya betri, nyingine chuma cha injini, piga stata, ikizunguka kwa kasi jibu umelipata. Waya mpya iwe nene, shaba tupu, na pale inapofungwa kwenye injini kwangua kutu na rangi mpaka chuma king'ae.

Tamino zenye ule unga mweupe au wa kijani, toa hasi kwanza, mwagia maji ya moto yenye baking soda, sugua na brashi ya waya, kausha, funga chanya ndo hasi ya mwisho, paka grisi juu.

Kama betri inajaa mchana na asubuhi imeisha, kuna kitu kinaila usiku. Kabla ya yote shika oltaneta alfajiri kwa mkono, gari imelala usiku kucha, kila kitu cha baridi, ukikuta yenyewe ina uvuguvugu ujue daiodi zake (vizuizi vya umeme usirudi nyuma) zimekufa zinavuja umeme. Kama ya baridi, unganisha mita kwenye ampea katikati ya hasi na waya wake, funga milango, subiri dakika kadhaa, ikizidi miliampea 50 anza kuchomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Redio za kufungiwa mtaani na alamu ndo wezi wakubwa. Usipige stata mita ikiwa hapo, utaiunguza.

Ile inayozunguka haishiki, kwa petroli fungua boneti kungali giza, mtu apige stata, ukiona vicheche vya bluu vinatembea juu ya waya za plagi au kifuniko cha distributa ni umande umeingia kwenye nyufa, futa na kitambaa kikavu itawaka, ila waya zibadilishe. Nyingine ni sensa ya joto la maji, ikidanganya kwamba injini ina moto kompyuta inapunguza petroli. Toyota nyingi za miaka ya 90 zina kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, taa ya cheki injini ikipepesa mara mbili, ikatulia, mara mbili tena, ni 22, sensa hiyo hiyo.

Dizeli kama Hilux yenye injini ya 3L, cheki hita plagi (vijiti vinavyopasha injini joto kabla ya kuwaka). Toa ile bati inayoziunganisha, pima moja moja kwenye omu, nzima inasoma ndogo sana, iliyoungua haisomi kitu. Usizijaribu kwa umeme wa betri moja kwa moja kwa sababu nyingine sio za volti 12. Na tafadhali dawa ya kuwashia ya kupuliza kwenye eakilina (chujio la hewa) usitumie kwenye injini yenye hita plagi, inaweza kulipuka humo ndani ikapasua pistoni.

Stata usiishike zaidi ya sekunde kumi, iache ipumzike nusu dakika, na otomatiki usiisukume, bustisha.

Halafu vipimo hivi fanya alfajiri. Ukimpelekea fundi saa tano jua limeshatoka gari itawaka vizuri atakwambia haina shida, bora uiache ilale kwake aiwashe mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi.