Somo: Tengeneza programu yako ya kwanza ya simu, ya afya ya punda

Wengi hujifunzia kwenye kikokotoo au orodha ya kazi, na ikishakamilika hakuna anayeifungua tena. Hapa Lamu tuna haja ya kweli. Punda ndio wanaobeba mchanga, mawe na saruji kwenye vichochoro visivyopitika na gari, lakini habari za afya zao mara nyingi zimo kichwani mwa mwenyewe tu. Kituo cha The Donkey Sanctuary, shirika la hisani linalotibu punda, kipo hapa tangu 1987. Daktari akiuliza punda alipewa lini dawa ya minyoo, "kabla ya Ramadhani" haimsaidii sana. Programu yetu kazi yake ni kujibu swali hilo kwa tarehe.

1. Anza na daftari. Andika ukurasa wa punda mmoja: jina, dume au jike, alama, mwaka wa kuzaliwa. Usiandike umri, maana mwakani utakuwa uongo. Programu itaupiga hesabu yenyewe. Chini yake weka matukio: chanjo ya pepopunda, dawa ya minyoo, kukatwa kwato, kidonda cha shogi (mfuko wa mizigo anaobebeshwa mgongoni). Mpe mwenye punda ajaze. Anachokiruka, kitoe.

2. Sakinisha Flutter (zana ya kuundia programu za simu) na Android Studio (programu ya kompyuta ya kuziandikia na kuzijaribia). Ni gigabaiti kadhaa, kwa hiyo tafuta Wi-Fi, usimalize bando. Kama laptopu yako ni ndogo, jaribia kwenye simu yako halisi kwa waya wa USB. Kisha:

flutter create punda_wangu
cd punda_wangu
flutter run

3. Hifadhi kila kitu ndani ya simu. Tumia sqflite, pakiti ya kuweka databesi ndani ya simu, ili programu ifanye kazi hata pasipo mtandao. Majedwali mawili yatosha: *punda* na *matukio*, na kila tukio libebe namba ya punda wake. Tarehe ziandikwe mwaka-mwezi-siku, kama 2025-03-09. Ukianza na siku, databesi itazipanga ovyo.

4. Skrini. Hapa ndipo pa kutulia. Anayejaza yuko sokoni au bandarini, mkono mmoja umeshika kamba, na kidole gumba ndicho kinachofanya kazi. Achague punda, aguse tukio, na tarehe ya leo iwe imeshajazwa. Akilazimika kuandika sentensi, hatajaza. Ongeza kitufe cha picha kwa ajili ya vidonda: picha mbili za mgongo uleule, zilizopigwa upande uleule kwa siku tofauti, zaonyesha kama kidonda kinafunga au kinapanuka. Kwangu mimi hiki ndicho kitufe chenye thamani kuliko vyote.

5. Arifa. Pakiti ya flutter_local_notifications itamkumbusha tarehe ijayo. Kuanzia Android 13 lazima uombe ruhusa kwanza, la sivyo simu itanyamaza. Tarehe yenyewe aitoe daktari wa mifugo. Usiibuni kwenye msimbo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, watu wameshaanza kujaza, na sasa nataka kuongeza safu ya uzito. Data yao itapotea?*
Haitapotea, ndugu yangu, ila usiwaambie waifute programu na kuisakinisha upya. Pandisha namba ya toleo la databesi, kisha ndani ya onUpgrade andika ALTER TABLE kuongeza safu hiyo. Jaribu kwanza kwenye simu yenye data ya zamani.

*Ni lazima niiweke Play Store?*
Si lazima kwa kuanza. Amri ya flutter build apk itakupa faili la kumtumia mtu kwa WhatsApp. Play Store hutoza dola 25 mara moja, na akaunti mpya ya mtu binafsi hudaiwa wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo.

*Naweza kuifanya itaje ugonjwa, mtu akijaza dalili?*
Tafadhali usifanye hivyo. Punda huficha maumivu. Huenda amesimama kimya kumbe tumbo limeziba kwa mifuko ya plastiki aliyookota jalalani. Akiacha kula, mafuta yaweza kujaa kwenye damu kwa haraka na kumuua. Weka sehemu ya joto la mwili (punda mzima huwa kati ya nyuzi 36.2 na 37.8 za Selsiasi) na sehemu ya "amekula / hajala". Ikijazwa "hajala", skrini ifungue namba ya daktari palepale, tayari kupigwa.