Kaburi liko bara, jina libaki Pangani: namna ya kuwakumbuka washirika wa kanisa dogo la Baptisti

Tangu mkonge uingizwe Tanga mwaka 1893, mkoa huu umejaa watu wa kuja. Walikuja manamba, yaani vibarua wa mkonge, kutoka Kigoma, Njombe na kwingineko, wakaja wa reli, wa bandari, walimu na manesi. Makanisa mengi ya Pangani, Muheza na Korogwe yamesimama juu ya migongo ya watu hao na watoto wao. Mshirika anafariki leo, keshokutwa mwili unasafirishwa kwao, matanga yanaondolewa huko huko, na kanisa alilolifagia miaka thelathini halina hata kaburi la kuonyesha. Waliobaki huku, hasa wazee wa mashambani, wengi wamelala kwenye makaburi ya estate, yaani ya mashamba makubwa ya mkonge, yasiyo na alama. Kwa hiyo kumbukumbu ya kanisa inabidi ikae kwenye karatasi na kwenye ukuta.

Wamisionari wa Baptisti kutoka Marekani walifika Tanganyika mwaka 1956. Mtu aliyebatizwa kijana miaka ya sitini sasa amepita sabini. Msingoje.

Anzeni kwenye mkutano wa washirika. Kwa Wabaptisti jambo hili haliamuliwi na mchungaji peke yake, na likiamuliwa hivyo litazikwa siku atakayohama. Pitisheni mambo mawili. La kwanza: nani anaingia? Kanuni isiyoleta ugomvi ni hii: kila aliyefariki akiwa mshirika kamili, pamoja na aliyehamia kanisa lingine kwa barua ya utambulisho baada ya kutumika hapa. Mkianza kuchagua "waaminifu zaidi", orodha itaishia kuwa ya waliotoa mabati. Aliyewahi kutengwa kisha akarudishwa anaingia kama wengine, na habari ya kutengwa kwake haiandikwi. La pili: kamati ya watu watatu, yaani katibu wa kanisa, mama mmoja wa umoja wa wanawake, na kijana mwenye simu yenye kamera nzuri. Yule mama msimwache nje. Ndiye anayejua nani alikuwa nani.

Kwenye majina ndipo kazi inapokwama. Madaftari ya zamani yamejaa "Mama Neema" na "Bibi wa Shemasi". Tafuteni jina lake mwenyewe, jina la baba na la ukoo, halafu jina la mtaani liwekwe pembeni, kwa sababu wajukuu watamtafuta kwa hilo. Cheti cha kifo, kadi ya mpiga kura na cheti cha ubatizo huweza kupingana. Andikeni jina kama lilivyo kwenye cheti cha kifo na mtaje mengine chini yake.

Mwaka wa kuzaliwa ukikosekana, msiubuni. Ulizeni kwa matukio: wakati wa Uhuru (1961) alikuwa ameolewa? Azimio la Arusha (1967) lilimkuta shule au kazini? Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kabla ya vita vya Kagera (1978–79) au baada? Alibatizwa kabla ya kifo cha Sokoine (1984)? Mkipata jibu andikeni "takriban 1940" na sababu kwa maneno machache. Tarehe kamili isiyo na ushahidi ikishachorwa ukutani haifutiki kirahisi.

Mnapokwenda kuuliza, nendeni wawili, asubuhi kabla jua halijakali, na mtoe taarifa siku moja kabla. Hodi, shikamoo, kaa, subiri. Swali la "alikuwa mtu wa namna gani?" litaleta "alikuwa mcha Mungu, mpole, mwenye upendo", na hayo yanasemwa kwenye kila msiba. Ulizeni vitu: alikaa benchi la ngapi? Alikuja kwa miguu kutoka wapi? Nani alikuwa na ufunguo wa kanisa kabla ya huyu? Nani alichota maji ya kujaza birika siku za ubatizo? Wimbo gani alikuwa hachoki kuuomba? Mtume Paulo katika Warumi 16 anafanya hivyo hivyo. Anamtaja Fibi kwa msaada aliowapa wengi, Priska na Akila kwa kuhatarisha shingo zao, Mariamu kwa kujitaabisha. Wasifu usio na kitendo hata kimoja urudishwe ukaongezwe.

Kila mtu apewe kurasa mbili kwenye kaunta buku la jalada gumu, moja ya maandishi na moja ya picha na nyongeza. Tumieni biro ya kawaida. Wino wa jeli hupakaa mikono ikiwa na jasho. Muhtasari wa kusomwa kanisani uwe maneno 120 mpaka 150. Hiyo ni dakika moja na ushee kwa msomaji asiye na haraka, na majina manane yatakwisha kabla watoto hawajaanza kulia.

Picha za zamani ndizo zinazoharibiwa zaidi na wanaozipenda. Msizipeleke laminesheni: joto huziunguza na plastiki haitoki tena. Msiandike nyuma kwa biro, ila penseli laini bila kukandamiza. Msizivue kwenye fremu kama zimeshikamana na kioo. Zipigeni picha hapo hapo, kwa pembe kidogo ili kioo kisimulike. Nyingine zote ziwekwe juu ya meza karibu na dirisha lenye mwanga usio wa jua la moja kwa moja, flashi ikiwa imezimwa, simu ikiwa sambamba na picha. Kuzituma WhatsApp kama picha kunapunguza ubora. Zitumeni kama dokumenti. Anayetaka kuchapa sentimita 20 kwa 25 anahitaji takriban pikseli 2400 kwa 3000. Chini sana ya hapo uso wa marehemu utatoka ukungu. Picha halisi irudishwe kwa familia siku ile ile. Picha "ya kuazima" iliyopotea imewahi kuhamisha ukoo mzima kwenda kanisa lingine.

Hewa ya chumvi haina huruma. Daftari likae kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, mbali na ukuta wa nje, na juu ya sakafu kwa ajili ya mchwa. Likifunguliwa siku ya mvua, liachwe lipumue kabla ya kufungwa, maana unyevu uliofungiwa ndani huleta ukungu. Mara moja kwa mwaka kijana apige picha kurasa zote na kuzihifadhi kwenye simu mbili za watu wasiokaa nyumba moja.

Ubao wa majina uwe wa mninga au mvule, skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu msumari wa kawaida utalia machozi ya kahawia juu ya majina ndani ya misimu michache. Herufi za sentimita 2.5 husomeka vizuri kutoka mita saba. Acheni nafasi tupu nusu nzima. Kabla mchoraji hajagusa brashi, kila familia isome jina lake na kutia sahihi kwenye rasimu. Ubao uwe ukuta wa pembeni. Mbele ni pa mimbari na birika. Mkijenga alama kwenye makaburi ya estate, mchanga uwe wa mto. Wa baharini una chumvi inayokula nondo, na zege hupasuka kutoka ndani.

Ibada ya kuwakumbuka, ya kusoma ule muhtasari, iwekwe Julai au Agosti. Masika yanakuwa yamekwisha, upepo wa kusi unapoza hewa, na Desemba nusu ya washirika wanakuwa wameshakwenda kwao. Ni ibada ya kumshukuru Mungu; marehemu hawaombewi, na hilo lielezwe mapema kwa upole kwa ndugu waliotoka madhehebu mengine. Majina yasomwe kwa mwaka wa kufariki, mtu wa familia asimame linapotajwa, wimbo mmoja katikati.

Majirani Waislamu waliobeba jeneza nanyi mpaka kwenye gari waalikwe. Mnyama achinjwe na Mwislamu, na masufuria yatoke nyumba ambayo hakuna atakayeitilia shaka. Kwa watu 120 pimeni kilo 17 za mchele na kilo 9 za nyama.

Wiki inayofuata, chapeni zile kurasa mbili za kila mtu, mzitie kwenye bahasha na mziagize kwa basi kwa ndugu anayekaa karibu na kaburi. Andikeni juu ya bahasha namba ya simu ya katibu, kwa sababu huko bara kuna mtu anayeijua nusu ya habari ambayo ninyi hamkuipata.