Jinsi ya kukusanya vijitabu vya programu za shoo na saini za zamani za Jacqueline du Pré bila kupigwa

Raha ya kukusanya vitu vya huyu dada wa selo (ile kama violin kubwa inayopigwa umekaa) kutoka Uingereza ni kwamba shoo zake zina mwanzo na mwisho unaojulikana, alitambulishwa rasmi kwenye ukumbi wa Wigmore Hall pale London mwezi Machi 1961 akiwa na miaka 16 tu, na mara ya mwisho kupiga mbele ya watu ni New York Februari 1973, vidole vilikuwa vimeshaanza kufa ganzi na mwaka huohuo ndo madaktari wakamwambia ana multiple sclerosis, ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Kwa hiyo mtu akikuletea tiketi ya 1976 eti alipiga selo usiku huo, mwambie asante, endelea na safari.

Anza na vijitabu vya programu, saini achana nazo kwanza. Za Uingereza cheki bei iliyochapwa kwenye jalada. Wale walihamia penny mpya tarehe 15 Februari 1971, kabla ya hapo pauni moja ni shilingi 20 na shilingi ni penny 12, sasa programu ya 1965 ikiandikwa 10p, yaani penny mpya 10, hapo kuna mchezo. Namba za simu za London mwanzoni mwa miaka ya 60 nazo zilikuwa zinaanza na herufi. Halafu fungua katikati uangalie pini, za zamani mara nyingi zimeshika kutu zikaacha kidoa cha kahawia kwenye karatasi, ukikuta inang'aa kama ya jana usikatae moja kwa moja ila anza kuuliza maswali.

Kwenye saini mimi nilishalizwa. Niliona picha safi ina saini ya wino wa bluu, nikalipa fasta nisije nikawahiwa, ilipofika nikaiweka chini ya lenzi nakuta vidoti vidoti, kumbe saini ilichapwa pamoja na picha! Wino wa kweli haunaga vidoti, na mistari inapopishana utaona mmoja umempanda mwenzie. Omba picha ya karibu kabisa kabla hujatoa hela.

Pia jina kuwepo kwenye programu sio kwamba alipiga. Ile wiki ya New York alipangiwa shoo nne akapiga tatu, ya nne akaingia mpiga violin Isaac Stern. Ukikuta kikaratasi cha kutangaza mabadiliko kimechomekwa ndani ya programu yoyote, kiache humohumo, wengi walikitupa ukumbini.

Kutunza: usilamineti, usiweke selotepu hata kama imechanika, na mifuko ya plastiki aina ya PVC sio kabisa, tafuta ya plastiki aina ya polyester na boksi la karatasi isiyo na asidi. Jua linakula wino, so ukutani tundika kopi, orijino ilale gizani.