Ampu ya valvu inavuma? Tafuta kelele inatokea wapi kabla hujanunua spea

Wadau wa gitaa, ampu za valvu za zamani (zile zinazokuza sauti kwa mirija ya kioo badala ya transista) bado zipo hapa Dar na nyingi zinapiga kelele, ila kinachonishangaza watu wanaanzia Kariakoo kununua valvu mpya seti nzima kabla hawajajua kelele inatokea wapi. Pesa ya bure hiyo.

Kwanza usalama, maana humu ndani kuna 400V na kuendelea na hata ukichomoa plagi kapasita kubwa (zile zinazohifadhi umeme) zinabaki na moto. Chomoa, chukua rezista ya 10k ya wati 5 yenye waya uliofunikwa vizuri, gusisha kati ya chanya ya kapasita na chesisi sekunde kumi hivi, halafu pima na multimita, ikionyesha chini ya 10V ndo uingize mkono. Na usiwashe ampu bila spika, utaua transfoma ya kutolea sauti, na hiyo kuipata ni shughuli.

Hatua ya kwanza chomoa gitaa. Kelele ikiisha, ampu haina kosa, angalia waya wa jeki, chaja za simu na taa za LED zilizo karibu, pikapu za koili moja zinadaka kila kitu. Isipoisha, zungusha volyumu: kelele ikipanda na kushuka nayo basi inatoka kabla ya hiyo volyumu, isipobadilika inatoka baada yake.

Kama ni mvumo, piga waya wa sita freti ya tatu, ile G. Hiyo ni 98Hz, mvumo ukifanana nayo ujue ni 100Hz na mtuhumiwa ni kapasita za pawa saplai zilizokauka. Ukiwa chini yake oktavu nzima ni 50Hz, hapo ni ethi, waya za hita (zinazopasha valvu joto), au valvu yenyewe. Mkisoma mtandaoni 60 na 120 msichanganyikiwe, huo umeme wa Marekani.

Sasa sehemu ninayoipenda. Zima ampu, valvu zipoe, toa ile ndogo iliyo karibu na jeki ya gitaa, washa. Kelele imeisha? Tatizo liko kwenye hiyo valvu au saketi yake, weka nyingine ya aina hiyohiyo (12AX7 na ECC83 ni kitu kimoja) usikie. Bado ipo? Zima, toa inayofuata, endelea hivyo kuelekea valvu kubwa, na ukimaliza ndogo zote bado inavuma basi ni pawa saplai au valvu kubwa zenyewe.

Ikiwa inatatarika, chukua kijiti cha mishkaki kikavu, ampu ikiwa imewashwa, mkono mmoja mfukoni, gongagonga taratibu valvu, soketi na sehemu zenye solda. Panaporuka kelele ndo hapohapo. Kwa sisi wa Kigamboni na Msasani chumvi ya bahari inakula pini za soketi, kwa hiyo kabla ya yote safisha na spirei ya kontakti, ampu ikiwa imezimwa na umeshaondoa moto kwenye kapasita. Ikitatarika bila kuguswa, mara nyingi ni rezista za kaboni za 100k zilizochoka.

Ukibadili kapasita angalia volti. Za 400V zimejaa madukani kwa sababu ndo za pawa saplai za kawaida, lakini ndani ya ampu ukipima ukakuta 430V, weka za 500V, na usizidishe sana maikrofaradi (ukubwa wa kapasita) kuliko za mwanzo hasa kama rektifaya, kile kinachogeuza AC kuwa DC, ni ya valvu. Ikija na plagi ya pini mbili weka waya wa nyaya tatu, ethi iende kwenye chesisi, na ile kapasita ndogo inayounganisha laini ya umeme na chesisi itoe kabisa. Kukata pini ya ethi ili mvumo upungue ni kutafuta kifo jukwaani, maikrofoni mdomoni.

Mara ya kwanza kuwasha baada ya matengenezo unganisha balbu ya wati 100 ya waya, sio LED, mfululizo na ampu, yaani umeme upite kwenye balbu ndo ufike kwenye ampu: ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia uko salama, ikibaki inawaka kali zima haraka, kuna shoti. Ule ushhh mdogo volyumu ikiwa mwisho ni kawaida ya valvu, huo usiutafute.